Uwezo wa Kungoja

Watu wengi hudhani kuwa mali ni ya mtu kwa sababu imeandikwa kwa jina lake, au kwa sababu imo mkononi mwake. Dhana hiyo yafaa mahakamani, lakini haitoshi katika maisha. Mtu aweza kuwa na shamba kwa hati, akalazimika kuliuza leo kwa bei asiyoitaka kwa kuwa hana chakula cha kesho. Mwingine aweza kuwa na gunia moja tu la kahawa, akaliweka ghalani mpaka apate mnunuzi wa kumridhisha. Ni yupi kati ya hao wawili aliye mwenye mali? Wa kwanza ana hati, wa pili ana hiari. Yaonekana basi kuwa juu ya haki ya kuwa na kitu iko haki nyingine, nayo ni uwezo wa kungoja nacho. Mwenye uwezo huo husikia habari ya bei akaipima. Asiye nao husikia habari hiyo hiyo akaitii.

Swali hili ni la kale, lakini siku hizi limevaa sura mpya katika mji wa Moshi na vijiji vya miteremko ya Kilimanjaro. Wako vijana ambao kwa simu ya mkononi hununua na kuuza hisa za kampuni za teknolojia za Marekani, au hufanya mikataba juu ya kupanda na kushuka kwa bei za hisa hizo. Soko la New York hufunguliwa Moshi ikiwa saa kumi na nusu jioni, au saa kumi na moja na nusu katika majira ya baridi ya huko, na hufungwa saa tano au saa sita ya usiku. Kwa hiyo jua linapoinama upande wa Meru, na watu wengine wanapofunga maduka na kuteremsha majembe begani, kazi ya vijana hao ndiyo kwanza yaanza. Kampuni yatangaza faida yake, mkuu wake asema neno, au mshindani wake avumbua kitu. Papo hapo bei yapanda au yashuka. Aliyenunua saa kumi na mbili huuza saa moja. Huyu yafaa aitwe mchuuzi wa hisa, kwa kuwa halimbikizi bali hupitisha. Jina hilo halina dharau ndani yake, maana uchuuzi ni kazi ya halali. Lakini ni haki kuuliza: mtu anayeishi kwa kuifuata bei saa kwa saa ni bwana wa mali yake au ni mtumishi wake? Na je, ana ruhusa ya kuingiza katika mbio hizo mali isiyokuwa yake peke yake?

Miteremko ya Kilimanjaro si migeni katika jambo hili. Mibuni ilipandwa Kilema na wamisionari karne ya kumi na tisa ilipokuwa ikiisha, na baadaye ikaenea chini ya migomba katika vihamba vya Wachagga. Mbuni hauna haraka: hutaka miaka mitatu hivi kabla ya kuzaa mazao ya kuhesabika. Lakini bei ya kahawa ilikuwa ikifanywa mbali, London na New York, na watu ambao hawakuijua migomba wala mvuli wake. Hapo mwanzo mkulima aliyehitaji fedha ya kodi aliuza kahawa yake kwa mfanya biashara wa mjini, kila mtu peke yake, kwa bei aliyotajiwa siku ile. Alikuwa na kahawa, lakini hakuwa na kesho.

Mwaka 1925 wakulima walianzisha Kilimanjaro Native Planters' Association, na mwaka 1933 chama kikuu cha ushirika, KNCU, kikachukua nafasi yake. Vyama hivyo vimesifiwa kwa mengi, lakini maana yake iliyo kubwa yaweza kusemwa kwa maneno machache. Havikuwa na nguvu ya kupandisha bei ya dunia. Vilichoweza ni kumpa mkulima mdogo uwezo wa kungoja. Kahawa ilikusanywa, ikapangwa kwa madaraja, ikawekwa ghalani, ikauzwa kwa wingi. Mkulima alipokea malipo ya kwanza alipoleta mzigo wake, na yaliyosalia baada ya kuuzwa. Mwenye magunia mawili akawa anangoja sawa na mwenye magunia elfu mbili. Wazee hawakutafuta kumshinda mfanya biashara kwa mbio. Walitafuta kuwa na subira kubwa kuliko yake, nayo haikupatikana kwa mtu mmoja mmoja.

Haifai kuificha historia hiyo upande wake wa pili. Mwaka 1937 bei iliposhuka, baadhi ya wakulima waliona kuwa chama ndicho kilichowaibia, wakaenda kuvunja maghala yake. Karani wa ghala hakuwa na mamlaka yoyote juu ya bei ya London. Alikuwa karibu tu. Ndiyo tabia ya habari inayotoka mbali: ikileta hasara, hutafuta mkosaji jirani, ikileta faida, hutafuta fundi jirani. Mwenye hasara humlaumu karani, na mwenye faida hujisifu kwa akili. Wote wawili wamesahau kuwa walikuwa wasikilizaji tu.

Julai 1975 baridi kali iliyoganda ilichoma mashamba ya kahawa ya Paraná, katika nchi ya Brazil. Bei ikapanda mpaka ikapita dola 3 kwa ratili mwaka 1977, na ijapokuwa si yote iliyomfikia mkulima wa Kilimanjaro, habari ilikuwa njema huku na msiba kule. Je, palikuwa na kosa katika kufurahi? Hapana, kwa kuwa aliyevuna hakuitia Brazil baridi, wala hakukesha akiingojea. Alipogoa mibuni yake kama kawaida, na mwaka ukamkuta kazini. Julai 1989 mapatano ya mataifa yaliyogawia kila nchi kiasi cha kuuza yalivunjika, bei ikaporomoka. Mwaka 2001 ratili moja ya kahawa ilishuka chini ya senti 50 za dola. Katika miaka hiyo wako walioiacha mibuni bila dawa, na wako walioing'oa wakapanda mahindi, nyanya na migomba. Hakuna mtu mwenye haki ya kuwacheka, maana ada ya shule haingojei mapatano ya mataifa. Kisha Februari 2025 bei ya New York ikapita dola 4 kwa ratili, na safari hii waliofaidi ni wale tu ambao mibuni yao ilikuwa bado imesimama.

Sasa na itazamwe siku moja katika maisha ya mchuuzi wa hisa. Jumatatu tarehe 27 Januari 2025, hisa za kampuni ya Nvidia, inayotengeneza chipu za kompyuta zitumikazo katika akili mnemba, zilishuka karibu asilimia 17, na thamani ya kampuni ikapungua kwa zaidi ya dola bilioni 580 kwa siku moja. Sababu iliyotajwa ni kampuni ya China, DeepSeek, iliyoonyesha kuwa kazi hiyo yawezekana kwa gharama ndogo. Jambo la kutafakari ni kuwa programu yenyewe ya DeepSeek ilitolewa tarehe 20 Januari, wiki nzima kabla. Habari haikuwa mpya siku ile. Kilichokuwa kipya ni hofu. Siku ya pili yake bei ilipanda tena karibu asilimia 9, na Julai mwaka huo huo Nvidia ikawa kampuni ya kwanza duniani kufikia thamani ya dola trilioni 4.

Mtu aliyekuwa na hisa hizo kwa fedha yake mwenyewe, isiyodaiwa na mtu, aliweza kulala usiku ule. Huenda alilala vibaya, lakini alilala akiwa bado na hisa zake. Haikuwa hivyo kwa mchuuzi aliyetumia mkopo wa dalali. Wengi wa wachuuzi hawanunui hisa yenyewe, bali mkataba wa tofauti ya bei, na dalali huwaongezea nguvu. Kijana aweka shilingi 100,000, dalali amruhusu kufanya biashara ya shilingi 1,000,000. Bei ikipanda asilimia 10, fedha yake yarudufika. Ikishuka asilimia 10, fedha yake yote imekwisha, na dalali huufunga mkataba pale pale ili naye asipate hasara. Siku ile ya Januari, soko lilipofunguliwa tu, bei ilikuwa imekwisha shuka zaidi ya asilimia 10. Kijana wa mfano huu hakupata hata dakika ya kufikiri. Hata kama aliijua kampuni hiyo kuliko watu wote wa Moshi, na hata kama maoni yake juu ya mwaka mzima yalikuwa sahihi, hayakumfaa kitu, kwa sababu alikwisha uuza uwezo wake wa kungoja siku alipouchukua mkopo.

Watu wa Kagera, ng'ambo ya Ziwa, wana neno kwa jambo la namna hii. Mkulima mwenye shida huuza kahawa yake ingali maua, kwa bei ndogo, na mavuno yakifika si yake tena. Huita biashara hiyo butura, nayo imepigwa marufuku kwa kuwa humkamata mtu wakati wa njaa yake. Ajabu ya zama hizi ni kuwa yale ambayo mkulima aliyafanya kwa kulazimishwa na shida, kijana aliyesoma huyafanya kwa kushawishiwa na tumaini.

Mtetezi wa wachuuzi aweza kusema kuwa kungoja nako kuna hasara zake. Asema kweli. Soko la Nasdaq, lenye kampuni nyingi za teknolojia, lilifika kilele Machi 2000, kisha likaporomoka, na kilele hicho hakikufikiwa tena mpaka mwaka 2015. Aliyenunua siku ya kilele alingoja miaka 15, na kampuni nyingine hazikurudi kabisa. Waswahili husema mvumilivu hula mbivu, lakini mwaka 2001 mvumilivu wa Kilimanjaro alikuwa na mbivu nyingi asizoweza kula wala kuuza. Jibu ni kuwa kungoja si kuzubaa. Mkulima hungoja na mundu mkononi: hupogoa, huweka samadi, huangalia wadudu, hufungua mfereji. Anajua anangoja nini. Mwenye hisa aliyesoma hesabu za kampuni na kuielewa kazi yake hungoja matunda ya kazi hiyo, ijapokuwa aweza kukosea. Lakini mchuuzi wa saa kwa saa hangoji kazi yoyote ikomae. Kwake kampuni ya chipu na kampuni ya viatu ni kitu kimoja, mradi bei icheze. Ameondoa katika biashara kila kitu isipokuwa habari.

Tena habari ndiyo bidhaa ambayo yeye hufikiwa nayo mwisho. Upande wa pili wa soko zimekaa kampuni kubwa zenye mashine zinazosoma tangazo na kutoa amri ya kununua kabla mtu hajapepesa jicho. Habari inapofika katika simu ya Moshi imekwisha liwa. Kinachofika ni mifupa. Si ajabu basi kuwa waliochunguza jambo hili wamekuta majuto mengi. Uchunguzi wa hesabu za familia 66,465 za Marekani kati ya mwaka 1991 na 1996 ulionyesha kuwa walionunua na kuuza mara nyingi kupita wenzao walipata faida ya asilimia 11.4 kwa mwaka, ilhali soko lenyewe lilitoa asilimia 17.9. Katika Brazil, nchi ile ile ya baridi ya 1975, wachunguzi waliwafuata watu walioanza uchuuzi wa kutwa kati ya mwaka 2013 na 2015. Miongoni mwa walioendelea kwa zaidi ya siku 300, watu 97 katika kila 100 walipata hasara.

Mtetezi aweza kusema tena kuwa mchuuzi hamdhuru mtu, na kwamba soko lisilo na watu wepesi wa kununua na kuuza hudumaa. Hilo nalo lina ukweli. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza kuuza hisa Aprili 1998, na tatizo lake la siku nyingi limekuwa uchache wa wauzaji na wanunuzi. Mwaka 2017 hisa za Vodacom Tanzania ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 850 kila moja, baada ya sheria kuzitaka kampuni za simu ziwauzie wananchi sehemu ya hisa zao. Lakini mwenye hisa asiyepata wa kumwuzia ana uwezo wa kungoja ambao hakuuomba. Wepesi wa soko ni jambo jema. Walakini wema wa soko hauthibitishi wema wa kila aingiaye. Kisima ni chema, na mtoto asiyejua kuogelea huzama humo.

Hoja iliyo na nguvu kuliko zote ni ya umaskini. Kijana atasema: mnanihubiria subira, na subira ni chakula cha walioshiba. Kihamba cha babu kiligawanywa kwa baba na ndugu zake, kikagawanywa tena, na sasa fungu lake ni ukanda mwembamba usiolisha nyumba moja. Amemaliza masomo, kazi hakupata. Mzee anayemwambia angoje hakumwambia angoje nini. Hoja hii haijibiwi kwa methali. Mzee aliyefungia ardhi na fedha, asimpe kijana fungu wala sauti, kisha akamcheka kwa kukimbilia simu, ana sehemu yake katika kosa. Lakini umaskini huo wa kijana ni ule ule uliowakuta wazee mwaka 1925: mtu mmoja mdogo mbele ya soko kubwa, ana shida leo. Soko la kutwa ndipo mahali ambapo mwenye kungoja humla asiyeweza kungoja. Kumpeleka maskini huko peke yake, kwa fedha ya mkopo, ni kumrudisha mlangoni pa mfanya biashara wa zamani, na safari hii mfanya biashara haonekani uso.

Hapo ndipo swali la pili, ambalo ni zito kuliko la kwanza, linapotokea. Kihamba si shamba tu. Ndani yake mna nyumba, migomba, mibuni, ng'ombe wa ndani, na makaburi ya waliotangulia. Aliyekikalia amekipokea kwa wafu na atakikabidhi kwa wasiozaliwa. Mama hula ndizi zake, dada aliyeachika hurudi kujisitiri humo. Kijana akiomba kiwekwe rehani ili apate mtaji wa hisa, aweza kuwa na hati upande wake. Aweza hata kuwa na bahati upande wake. Lakini mama na dada hawakukubali kuharakishwa. Wao bado wanangoja na kihamba, na mkopo wa mmoja utafupisha kesho ya wote. Mtu aweza kuuza uwezo wake mwenyewe wa kungoja, akavumilia yatakayompata. Hana haki ya kuuza wa wenzake bila wao kujua wanauza nini.

Wachagga walilijua jambo hili katika maji kabla ya kulijua katika fedha. Mifereji inayoshuka kutoka mlimani ilichimbwa kwa mikono ya wengi, na kila nyumba ina zamu yake. Anayefungulia maji zamu ya mwenzake hakuiba ardhi yake, wala hakung'oa mgomba wake. Ameiba wakati wake tu. Hata hivyo hakuna kijiji kilichoona kosa hilo kuwa dogo, kwa kuwa ardhi bila zamu ya maji ni vumbi.

Yasemwa kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Mchuuzi wa leo amepindua methali hiyo: ana habari usiku kucha, na daftari hana. Kama angekuwa nalo, yangemtosha maswali matatu kabla ya kununua. Nanunua nini? Fedha hii ni ya nani? Nikikosea, naweza kungoja muda gani? Asiyeweza kujibu la kwanza hajui kazi yake. Asiyeweza kujibu la pili hajui ndugu zake. Asiyeweza kujibu la tatu bado hana mali, hata kama tarakimu katika simu yake ni nyingi. Ameazimwa tu mpaka bei itakapogeuka.

Na kwa kijana asiye na cha kungojea, njia ya wazee haijafungwa. Waliokusanya magunia mawili mawili mpaka yakajaa ghala hawakuwa matajiri, wala hawakuwa na elimu kuliko yeye. Fedha ndogo za vijana kumi, zisizokopwa, zikiwekwa pamoja kwa daftari na kwa shauri, zaweza kununua hisa au kupanda mibuni, zikakaa mwaka mzima bila kumtii mtu. Faida yake huenda isiwe ya kusimuliwa barazani. Lakini siku bei itakapoporomoka tena, kama ilivyoporomoka 1937, na 2001, na jioni ile ya Januari, watakuwa na kitu ambacho mbio haziwezi kuwapa: nafasi ya kuisikia habari mbaya, kuijadili mpaka usiku, na kuamka asubuhi wakiwa wenye mali yao.